Bunduki ya shabaha ya masafa ya kati

Bunduki ya shabaha ya masafa ya kati ni bunduki yenye mtutu uliochongwa mifereji ndani, inayotumiwa kupiga shabaha ya karatasi au ya chuma iliyowekwa umbali wa takriban mita 200 hadi 600. Inatofautiana na gobore, ambalo mtutu wake ni laini ndani, kwa sababu mifereji hiyo huizungusha risasi inapopita na kuifanya ishike njia moja hewani. Mipaka ya "masafa ya kati" si ileile kila mahali. Nchini Marekani mashindano ya jina hilo hupigwa kwa yadi 300, 500 na 600 (mita 274, 457 na 549), na huko Uswisi umbali uliozoeleka ni mita 300.

Makala hii inahusu hasa namna ya kuchagua bunduki kwa ajili ya burudani, si kwa mashindano makubwa wala kwa uwindaji. Kwa mlengaji wa aina hiyo usahihi peke yake hautoshi. Bunduki inayoumiza bega, au inayokula risasi za bei asiyoimudu mwenyewe, hubaki kabatini, na mtu hawezi kujifunza kulenga kwa bunduki iliyo kabatini.

Historia

Chama cha National Rifle Association cha Uingereza kiliundwa mwaka 1859. Mashindano yake ya kwanza yalifunguliwa tarehe 2 Julai 1860 huko Wimbledon, karibu na London, na Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Bunduki yake, iliyobuniwa na mhandisi Joseph Whitworth, ilikuwa na mtutu wenye pembe sita ndani. Ilikuwa imefungwa juu ya stendi, na malkia alivuta uzi wa hariri tu. Risasi ilipiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha iliyokuwa umbali wa yadi 400 (mita 366). Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi wa leo hulisahau: zaidi ya miaka 160 iliyopita chuma kilikuwa tayari na usahihi wa kutosha, mradi kisishikwe na mkono wa mtu.

Mwaka 1890 mashindano hayo yalihamia Bisley, katika wilaya ya Surrey, na yanaendelea huko hadi sasa. Mwishoni mwa karne ya 19 baruti isiyotoa moshi na bunduki za komeo zilibadilisha mchezo wote. Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898 imekuwa kielelezo cha bunduki nyingi za komeo zilizofuata. Uingereza ilitumia Lee-Enfield, ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliifahamu mikononi mwa askari wa King's African Rifles. Kwa miongo mingi bunduki hiyohiyo ya vita ndiyo iliyotumika Bisley kulengea shabaha.

Uswisi ina desturi ya pekee. Kila mwaka zaidi ya watu 100,000 hushiriki tamasha la kulenga shabaha liitwalo Feldschiessen, ambapo mwenye bunduki hupiga risasi 18 kwa umbali wa mita 300. Wengi wao si wanamichezo hodari. Huja na ndugu na majirani, hupiga, kisha hula pamoja.

Sehemu zinazoleta usahihi

Sehemu muhimu kuliko zote ni mtutu. Mifereji ya ndani hupinda kama uzi wa parafujo, na kasi ya kupinda kwake lazima ilingane na risasi itakayotumika. Kasi hiyo hutajwa kwa urefu wa mtutu ambamo risasi hukamilisha mzunguko mmoja, kwa kawaida kwa inchi. Risasi ndefu na nzito huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko risasi fupi. Kwa mfano, katika kaliba ya .223 Remington, mtutu wenye mzunguko 1 kwa inchi 12 unafaa kwa risasi nyepesi ya greni 55 (gramu 3.6), lakini risasi ya greni 77 (gramu 5) huhitaji mzunguko 1 kwa inchi 8 au 7. Anayepiga risasi nzito kwa mtutu wa inchi 12 ataona matundu ya ubavu kwenye karatasi, kwa kuwa risasi imefika ikipinduka. Kosa hapo haliko kwa mlengaji wala kwa kiwanda, bali kwa mnunuzi ambaye hakusoma namba iliyoandikwa mtutuni.

Mtutu mnene huchelewa kupata moto na hivyo hauhamishi risasi baada ya mapigo mengi, lakini ni mzito kubeba. Kwa kuwa mlengaji wa burudani huweka bunduki yake juu ya mfuko wa mchanga au miguu miwili ya kuegemea, uzito huo ni faida: bunduki yenye kilo 5 hupiga teke dogo kuliko yenye kilo 3. Mtutu pia usiguse mbao au plastiki ya kitako kwa urefu wake. Kipimo chake ni rahisi. Karatasi moja ikunjwe chini ya mtutu na kuvutwa kuelekea kwenye chemba. Ikikwama njiani, mtutu unagusana na kitako, na sehemu risasi inapopiga inaweza kuhama kadiri chuma kinavyopata moto.

Baada ya mtutu hufuata kifyatuo, yaani sehemu inayovutwa kwa kidole. Kifyatuo kizito chenye kukwaruza humfanya mtu asukume bunduki pembeni wakati uleule wa kufyatua. Kizuri huachia ghafla, bila kuburuta, kwa uzito ambao mwenyewe ameuzoea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Savage ya Marekani ilianza kuuza bunduki za bei ya kawaida zenye kifyatuo ambacho mwenyewe anaweza kukirekebisha uzito, na washindani wake wakalazimika kufuata. Hayo ni maendeleo yenye maana zaidi kwa mlengaji wa kawaida kuliko rangi na maumbo mapya ya vitako yanayojaza matangazo ya biashara.

Kwa masafa haya bunduki ya komeo ndiyo inayopendekezwa zaidi. Ina sehemu chache zinazosogea na ni rahisi kusafisha. Miongoni mwa zinazojulikana ni Remington 700 (tangu 1962) na Savage 110 (tangu 1958) za Marekani, na Tikka T3 (tangu 2003) ya Ufini. Bunduki zinazojijaza zenyewe zinaweza kuwa sahihi pia, lakini nchi nyingi huzizuia. Uingereza ilipiga marufuku sehemu kubwa yake mwaka 1988, isipokuwa zile za kaliba ya.22.

Uchaguzi wa kaliba

Hapa ndipo mabishano huwa mengi. Risasi ya .308 Winchester, iliyotolewa mwaka 1952, imekuwa ya kawaida kwa miongo mingi, na inapatikana karibu kila duka la silaha. Mtutu wake hudumu kwa maelfu ya mapigo. Udhaifu wake ni teke lake na upepo. Risasi yake ya greni 168 ikitoka kwa mita 808 kwa sekunde, bunduki ikiwa imerekebishwa kupiga sawasawa kwa mita 100, hushuka takriban mita 2 chini ya mstari wa kulenga ifikapo mita 500. Kushuka huko hakusumbui sana, kwa sababu mvutano wa dunia haubadiliki na darubini inaweza kurekebishwa. Upepo ndio unaobadilika: ukivuma kutoka ubavuni kwa kilomita 16 kwa saa, huisukuma risasi hiyo karibu sentimita 70 kwenye umbali huo.

Kaliba ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, ilibuniwa kwa kuzingatia tatizo hilo. Jina lake linatokana na uwanja wa Creedmoor, New York, ambako timu za Marekani na Ireland zilishindana mwaka 1874. Risasi yake ni nyembamba na ndefu, hivyo hewa huipunguza kasi polepole. Upepo uleule huisogeza sentimita 50 hivi. Teke lake pia ni dogo kuliko la .308, ila mtutu wake huchakaa mapema zaidi. Wazo lenyewe si jipya, kwani Sweden na Norwei zilikuwa na risasi ya milimita 6.5 ya aina hiyo tangu miaka ya 1890, nayo bado hupendwa na walengaji.

Kwa umbali usiozidi mita 400, .223 Remington inatosha kabisa. Haiumizi bega, na risasi zake kwa kawaida ni rahisi kuliko hizo nyingine mbili.

Hata hivyo, anayeanza atafaidika zaidi na .22 Long Rifle, risasi ndogo iliyoanza mwaka 1887. Wengi huidharau kama kitu cha watoto. Ukweli ni kwamba kwenye mita 100 upepo huisogeza karibu sawa na unavyoisogeza .308 kwenye mita 200, na ikiwa imerekebishwa kwa mita 50 hushuka karibu sentimita 20 ifikapo mita 100. Mtu mwenye uwanja mdogo na fedha kidogo anaweza basi kujifunza kusoma upepo na kurekebisha darubini kwa gharama ndogo sana. Kampuni ya Anschütz ya Ujerumani hutengeneza bunduki za kaliba hiyo zinazoonekana mara kwa mara kwenye Michezo ya Olimpiki. CZ ya Ucheki hutengeneza za bei nafuu zaidi ambazo usahihi wake ni mzuri.

Kupima usahihi

Usahihi hupimwa kwa upana wa kundi la matundu kwenye karatasi, na hutajwa kwa dakika ya pembe, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii. Dakika moja ni sawa na sentimita 2.9 kwa mita 100, na sentimita 14.5 kwa mita 500. Watengenezaji wengi huahidi "dakika moja", mara nyingi kwa kundi la risasi 3.

Ahadi hiyo isomwe kwa uangalifu. Risasi chache haziwezi kuonyesha mtawanyiko wote, kama vile kurusha sarafu mara 3 kusivyoonyesha kama imepinda. Bunduki ileile, mikononi mwa mtu yuleyule, kwa wastani hutoa kundi la risasi 10 lenye upana wa zaidi ya mara moja na nusu ya kundi la risasi 3. Kwa hiyo bunduki iliyopewa sifa ya dakika moja kwa risasi 3 itatoa karibu dakika 1.6 kwa risasi 10, bila ubovu wowote kutokea. Anayelinganisha bunduki mbili atumie idadi sawa ya risasi na aina moja ya risasi, na asitupe makundi mabaya akabaki na lile moja zuri la kuonyesha wenzake.

Aina ya risasi hubadilisha matokeo kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya kuuza bunduki kwa kisingizio kwamba haipigi, ni busara kujaribu aina tatu au nne, hasa zile zilizotengenezwa kwa ajili ya shabaha.

Darubini

Darubini inayokuza mara 10 hadi 16 inatosha kwa mita 600. Muhimu zaidi ni kwamba ikirekebishwa juu kisha kurudishwa chini, irudi palepale. Skrubu za kuifungia zikilegea huleta makundi mapana ambayo mwenye bunduki huyahesabu kuwa ubovu wa mtutu.

Sheria na usalama

Hakuna uchaguzi wa bunduki unaotangulia sheria. Nchini Tanzania silaha za kiraia husimamiwa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na nchini Kenya leseni hutolewa na bodi maalumu chini ya Sheria ya Silaha. Kujiunga kwanza na klabu yenye uwanja ulioidhinishwa humwezesha mtu kujaribu bunduki za wengine kabla ya kutumia fedha zake.

Uwanja lazima uwe na tuta la udongo au kilima nyuma ya shabaha. Hata risasi ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na ya .308 zaidi ya kilomita 3. Kinga ya masikio na miwani ni ya lazima kwa kila aliye karibu, kwa sababu kelele ya bunduki huharibu usikivu kabisa na hakuna dawa ya kuurudisha. Shabaha za chuma ziwe za chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na ziinamishwe kidogo kuelekea chini. Chuma laini hutobolewa mashimo, na mashimo hayo huweza kurudisha vipande vya risasi kwa aliyeifyatua.