Uso Kabla ya Rangi

Msomaji, mtazame fundi anayetaka kuipaka nyumba rangi, nawe utaona kwamba hakimbilii kopo la rangi. Kwanza huukwangua ukuta na kuziba nyufa. Kisha hupaka rangi ya mwanzo, isiyopendeza macho hata kidogo, ambayo kazi yake ni kuushika ukuta na kuishikilia rangi itakayofuata. Waingereza waliipa rangi hiyo jina lenye asili ya Kilatini, maana yake "ya kwanza", na jina hilo hilo limehamia katika vipodozi: praima. Ni krimu au maji mazito yapakwayo usoni kabla ya poda na faundesheni, ili ngozi iwe laini na rangi isiteleze. Wengi hudhani kwamba jambo hili lilizuliwa juzi katika miji mikubwa. Jina ndilo la juzi. Kazi yenyewe ni ya kale, na kipande kimoja cha historia yake kimo Merti.

Merti iko kando ya mto Ewaso Nyiro, katika Kaunti ya Isiolo, kabla mto huo haujafika kwenye kinamasi cha Lorian na kupotelea humo. Wenyeji wake wengi ni Waborana, wafugaji wanaouita mto huo Waso. Jua la huko ni kali, na upepo wa kiangazi hubeba vumbi jembamba linaloingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa. Katika nchi ya namna hiyo matunzo ya uso hayakuweza kuanza na rangi. Yalianza na kusafisha, yakafuatiwa na mafuta.

Kwa kusafisha, watu wa kaskazini mwa Kenya wana unga wa kijani ambao Wasomali huuita qasil. Ni majani ya mkunazi, yaliyokaushwa na kutwangwa. Ndani yake mna kitu kitoacho povu kama sabuni, na ndiyo maana Waislamu wa pwani hutumia majani ya mti huo huo katika kumwosha maiti. Anayetaka kuosha uso huchukua unga kidogo, akauchanganya na maji mpaka ukawa uji mzito, akajipaka, akangoja uanze kukauka, kisha akausuuza. Uso hubaki safi, umeondokewa na mafuta ya jana na vumbi la leo. Baada ya hapo ilifuata siagi, ambayo Waborana waliipaka nywele na ngozi. Na wanawake walioolewa walikuwa na desturi ya kujifukiza kwa moshi wa miti yenye harufu nzuri, jambo liitwalo qayya. Sioni haya kuuita utaratibu huo elimu, maana una hatua zake, na kila hatua ina sababu yake.

Lakini siagi yataka mifugo. Mwishoni mwa mwaka 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na vita viitwavyo vya Shifta vikaendelea mpaka mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Waborana wa Waso walikusanywa katika vijiji vilivyowekewa ulinzi, Merti na Garba Tulla vikiwa miongoni mwavyo. Mifugo haikuweza kufuata malisho, na mingi ikafa au ikauawa. Wenyewe huzitaja siku zile kwa jina la Gaf Daba, yaani wakati wa kukoma kwa mambo. Historia hutuhesabia ngamia na mbuzi waliopotea. Mimi nakuomba, msomaji, uhesabu pia vitu vidogo vilivyokwenda pamoja nao. Nyumba isiyo na maziwa haina siagi, na aliyekuwa akipata mafuta ya uso wake zizini alilazimika kuyatafuta dukani. Dukani ndiko alikokutana na chupa zilizotoka mbali.

Pwani, mambo yalipita njia nyingine. Waswahili walisaga liwa, mti wa harufu nzuri, juu ya jiwe pamoja na marashi ya waridi, wakapata rojo la kupaka usoni na mwilini. Bibi harusi alisuguliwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vya manukato, siku kadhaa kabla ya kupambwa. Hina na wanja vilikuja baadaye. Hapo tena twaona mpango ule ule: ngozi kwanza, pambo baadaye.

Ulaya, kwa muda mrefu, hawakuwa na subira hiyo. Tangu zama za Wagiriki na Warumi walikuwapo wanawake waliojipaka unga mweupe uliotengenezwa kwa madini ya risasi. Unga huo uliziba kila doa, na papo hapo ukaidhuru ngozi iliyo chini yake, hata mpakaji akahitaji kupaka zaidi kuficha madhara mapya. Maria Gunning, mke wa Erli wa Coventry huko Uingereza, aliyesifiwa sana kwa uzuri, alifariki mwaka 1760 akiwa bado kijana, na waandishi wengi wamekilaumu kipodozi hicho kwa kifo chake.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na sinema. Max Factor, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani mwaka 1904, aliona kwamba mafuta mazito ya waigizaji yaling'aa vibaya mbele ya kamera za rangi. Akatengeneza kipodozi kikavu kilichopakwa kwa sifongo yenye maji, nacho kikaonekana katika filamu ya mwaka 1937. Vitukuu vyake wawili, Dean na Davis Factor, ndio walioanzisha kampuni ya Smashbox huko Los Angeles mwaka 1996, na praima ya kampuni hiyo ikavuma sana. Praima nyingi za leo zina silikoni, vitu ambavyo viwanda vilianza kuvitengeneza kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Dow Corning iliundwa mwaka 1943 kwa kazi hiyo. Silikoni hujaza vishimo vya ngozi na kuacha utando mwembamba juu yake. Haibadili ngozi. Huisawazisha tu, kwa saa chache.

Zingatia tofauti hiyo, msomaji, kwa sababu katika rafu moja na praima huuzwa pia krimu zinazoahidi kuibadili ngozi yenyewe iwe nyeupe. Baadhi yake zina zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo. Nyingine zina haidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi dawa hiyo ya pili, ikitumiwa kwa muda mrefu, inavyoacha madoa ya samawati na nyeusi yasiyoondoka upesi, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013, umezigusa krimu za zebaki pia. Hata hivyo bado zaonekana sokoni, mara nyingi bila orodha ya vilivyomo. Hili ni kosa la ule unga wa risasi lililorudi kwa jina jingine, nami naliona baya zaidi, kwa kuwa limemfundisha msichana kuuchukia ukuta badala ya kuziba ufa.

Sasa, anayetaka kuitumia praima vizuri katika vumbi la Merti atafanya hivi. Ataosha uso, apake mafuta ya kulainisha, na mchana apake na ya kukinga jua. Kisha angoje dakika chache viingie. Kungoja huku ndiko kunakodharauliwa kuliko yote, nako ndiko kuzuiako rangi isivingirike chini ya vidole kama takataka za kifutio. Praima yenyewe yatosha kiasi cha punje ya kunde. Huanzia puani na kwenye paji, mahali penye vishimo na jasho, ikavutwa kuelekea pembeni mpaka ikawa nyembamba isionekane. Faundesheni ifuatayo igongwegongwe, isisuguliwe. Tena iwe ya jinsi moja na praima, ya maji kwa ya maji, ya silikoni kwa ya silikoni, kwani jinsi mbili zikikutana mara nyingi hukataana. Jioni, kwa kuwa silikoni haitoki vyema kwa maji matupu, yataka mafuta kidogo kwanza ya kuilegeza, na baada yake unga wa mkunazi.