Giaboksi ya Lori la Kuvuta Tela: Mkono, Konvata au Kompyuta

Ukiingia yadi kutafuta lori la dizeli la kuvuta tela, utaulizwa unataka la gia za mkono au la otomatiki. Swali lenyewe lina kasoro. Neno "otomatiki" limebeba mashine mbili ambazo mnunuzi huziona ni moja kwa sababu zote hazina pedali ya klachi. Moja hupitisha nguvu ya injini kwenye mafuta. Nyingine ni giaboksi ya mkono kabisa, yenye klachi kavu na gia zilezile, ila mkono unaobadilisha gia si wa dereva tena. Zinachakaa kwa namna tofauti na kuharibika kwa sababu tofauti, na fundi anayeiweza moja si lazima aiweze nyingine. Katika makala haya, ile ya kwanza tutaiita otomatiki ya konvata, na ya pili otomatiki ya klachi.

Kabla ya kuzitenganisha, tuanze na injini. Dizeli ya lori kubwa ina nguvu nyingi katika uwanja mwembamba. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, huwa kamili kuanzia mizunguko 1,000 kwa dakika hivi hadi 1,400, na ikikaribia 2,000 haina jipya la kutoa. Gari dogo la petroli unaweza kulikamua kwenye gia moja hadi 6,000. Lori halina nafasi hiyo, ndiyo maana likapewa gia 12, 16, hata 18. Wingi huo ni wa kuibakiza injini ndani ya uwanja wake, maana ikitoka tu, mzigo unaishinda.

Chukua lori lililojaza kikomo cha tani 56 kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari. Limetoka bandari ya Dar es Salaam, linakwenda Tunduma, na mbele yake upo mlima Kitonga. Kwenye mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100, kinacholivuta kurudi nyuma ni sawa na uzito wa tani 4 na nusu. Injini ya nguvu farasi 440 ikitoa kila ilicho nacho italipandisha kwa kilomita 20 kwa saa hivi. Sasa dereva anakanyaga klachi ili ashuke gia. Tangu nguvu inapokatika hadi inaporudi, mlima unafanya kazi peke yake: sekunde moja na nusu inatosha kulipunguzia lori kilomita 4 hadi 5 kwa saa, karibu robo ya mwendo wote. Gia aliyokuwa anaikusudia imeshapitwa, inabidi ashuke mbili. Dereva mzoefu analijua hilo bila hesabu. Husikiliza injini, na kabla haijaanza kuguna kidole gumba kimeshabonyeza swichi ya nusu gia kwenye kichwa cha gia. Mgeni husubiri mpaka injini ilalamike, akajikuta amesimama katikati ya kona na foleni nyuma yake.

Kusimama si tatizo kubwa. Tatizo ni kuondoka tena. Kwenye gia za mkono, tofauti kati ya injini inayozunguka na magurudumu yaliyotulia humezwa na sahani ya klachi kwa kusuguana, na msuguano huo wote ni joto. Kwenye tambarare, gia ya kwanza ikiwa fupi, ni jambo la kufumba na kufumbua. Kwenye mlima, kila sekunde ambayo klachi inateleza inailisha joto, na ukisikia ile harufu kali inayoingia kabini, sahani imeshaanza kuungua. Dereva anayezuia lori kilimani kwa kuchezea klachi badala ya breki anaweza kuimaliza kwa safari chache klachi ambayo mwenzake angekaa nayo miaka. Ndiyo sababu sifa ya gia za mkono kwamba "hazifi" naiona ni nusu ya ukweli. Giaboksi yenyewe huishi sana. Klachi huishi kadiri ya mguu wa dereva.

Konvata inalitatua tatizo hilo kwa njia nyingine kabisa. Msingi wake ni kazi ya mhandisi Hermann Föttinger, aliyepata hataza mwaka 1905 nchini Ujerumani akiwa anashughulikia meli. Ni feni mbili zinazotazamana ndani ya bakuli la mafuta: ya injini inayasukuma, ya giaboksi inasukumwa, na katikati yao kipo kipande kinachoyageuza mafuta yanaporudi ili yaongeze msukumo. Lori likiwa limesimama na injini inazunguka, torki inayofika kwenye giaboksi huweza kuwa karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Kwa kuondoa tela zito kwenye kilima au matope hakuna kinachoifikia kwa ulaini, na hakuna sahani inayoungua.

Joto halikutoweka lakini. Limehamia kwenye mafuta. Kadiri konvata inavyoteleza, ndivyo mafuta yanavyochemka, na yakivuka digrii 120 na kuendelea hapo, hupoteza ubora haraka na kuanza kuziua sahani ndogondogo na mipira ya ndani. Mashine za kisasa hupunguza balaa hili kwa kuifunga konvata gari likishashika mwendo, hapo nguvu hupita chuma kwa chuma. Anayevuta tela kwa otomatiki ya aina hii basi aitazame rejeta ya mafuta ya giaboksi kama anavyoitazama ya injini. Vuta kile kijiti cha kupimia: mafuta mazuri ni mekundu na hayana harufu kali, yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, usishawishike na punguzo la bei.

Kwenye pikapu ndiko konvata ilikoshinda, na ilishinda kwa hesabu. Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8, tangu maboresho ya mwaka 2020, hutoa nyutoni-mita 500 ikiwa otomatiki na 420 ikiwa ya mkono, injini ileile. Marekani pengo lilikuwa kubwa zaidi. Ram ya mwaka 2018 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7 ilipata futi-pauni 660 kwa gia za mkono na 930 kwa otomatiki nzito kuliko zote ilizouzwa nazo, na huo ndio ukawa mwaka wa mwisho kwa pikapu hiyo kuuzwa na gia za mkono. Kiwanda kinaibana injini kwa sababu klachi na giaboksi ya mkono zina kikomo cha torki, na kiwanda hakijui mguu wa nani utaikanyaga. Kwa hiyo wale wanaosema ya mkono "ina nguvu zaidi" wanakumbuka enzi nyingine.

Kwenye malori makubwa ya masafa, iliyotawala ni otomatiki ya klachi. Volvo ilitoa I-Shift yake mwaka 2001, na washindani wana za kwao. Kompyuta hupima uzito, mwinuko na mzunguko wa injini, kisha vali za upepo husukuma klachi na kuchomeka gia, haraka na kwa namna ileile saa kumi usiku kama saa nne asubuhi. Mwenye malori 30 anaipenda kwa sababu inawasogeza madereva wake wote karibu na yule bora katika mafuta na klachi. Dereva bora mwenyewe haihitaji sana, na zile za mwanzo zilimuudhi kwa kusitasita kilimani. Hata sasa, mara nyingi akili yake ni kuiweka kwenye gia ya kuchagua mwenyewe kabla ya mlima mkali, kwa sababu kompyuta nyingi huujua mlima ukishafika chini ya magurudumu, naye ameshauona kwa macho.

Kushuka ndiko kunakoua. Lori letu la tani 56 likiteremka mita 400 za kimo, nishati inayotakiwa kumezwa ingechemsha mapipa matatu ya maji ya lita 200. Dizeli ya kawaida haina pazia la kuziba hewa inayoingia, kwa hiyo ukiachia mafuta tu, inazuia kidogo kuliko petroli. Inahitaji msaada. Clessie Cummins, mwasisi wa injini zinazobeba jina lake, alinusurika mwaka 1931 huko Cajon Pass, California, lori lake liliposhindwa kusimama na kukaribia kugonga treni ya mizigo. Baadaye alibuni breki inayoachia hewa iliyokandamizwa kwenye silinda, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Breki ya namna hiyo hufanya kazi vizuri injini ikizunguka kwa kasi, maana yake gia ya chini, iliyochaguliwa kabla ya mteremko. Kwa mkono ni dereva anayekumbuka. Otomatiki ya klachi hushuka gia yenyewe ukiivuta breki ya injini, ila ikishachelewa na kasi imezidi, itakataa gia ya chini ili isivunje injini. Kuna kichekesho hapa: madereva wamekemewa miaka mingi waache kuteremka nyutro ili kubana mafuta, na leo otomatiki nyingi zinaenda nyutro zenyewe. Tofauti ni kwamba hufanya hivyo kwenye vimteremko vidogo tu, na huirudisha gia kasi ikianza kuchanganya.

Mimi ningechagua hivi. Kwa lori la njia kuu, lenye karakana inayojulikana na kompyuta ya kulipima, otomatiki ya klachi yenye ritada, yaani kifaa cha ziada cha kulizuia lori mteremkoni. Kwa pikapu ya kuvuta boti au tela la ng'ombe, konvata. Kwa gari linalolala porini wiki mbili, gia za mkono: betri ikifa linasukumwa likawaka, na sahani ya klachi hubadilishwa chini ya mti na fundi mwenye jeki mbili na spana. Otomatiki ya klachi yenye sensa moja iliyojaa vumbi inaweza kukwama nyutro ikiwa nzima kila mahali pengine.

Uchaguzi huo unazidi kuwa finyu, lakini. Malori mengi ya mtumba hutoka Ulaya, na Ulaya ilishahamia otomatiki ya klachi, hivyo ya mkono yanayoshuka bandarini yatazidi kuwa ya zamani.

Na ukinunua lolote kati ya hayo, likikwama njiani usikubali livutwe kabla ya kufungua propela shafti. Magurudumu ya nyuma yakizunguka na injini imezimwa, shafti ya ndani ya giaboksi huzunguka kavu kwa kuwa kinachoirushia mafuta kimesimama. Kazi ya kufungua boliti chache ukiwa umelala mgongoni juu ya lami ya moto haipendezi, na wavutaji wenye haraka huiruka, wakafika gereji na lori lililoondoka na klachi mbovu likiwa sasa na giaboksi iliyoungua.