Zabibu Iliyochelewa na Asali ya Babati

Kiswahili hutumia neno moja, zabibu, kwa tunda lililo mtini na kwa tunda lililokaushwa. Waarabu, ambao ndio tuliowaazima neno hilo, hutofautisha: lililo mtini ni inab, na lililokauka ndilo zabib. Katikati ya majina hayo mawili ndipo ilipo divai ninayokusudia kuizungumza.

Huko Hispania, hasa katika nchi za Navarra na Málaga, wako wakulima wasiochuma zabibu zao zote mara ziivapo. Nyingine huziacha mzabibuni majuma kadhaa zaidi, hata ngozi ikakunjamana, maji yakapungua na sukari ikazidi. Huko Montilla huzichuma na kuzianika juani. Maji ya zabibu hizo yanapochachuka, hamira hushindwa kuimaliza sukari yote, na divai hubaki tamu na nzito. Lakini kusubiri kuna gharama: mvua au ndege waweza kuyaharibu mavuno, na zabibu iliyonyauka hutoa divai kidogo.

Divai hiyo hunywewa kidogo kidogo, aghalabu mwisho wa mlo, pamoja na lozi, maini ya bata, au jibini la Cabrales lenye ukungu wa buluu. Sababu yake si ngumu kufahamu: chumvi na mafuta huutuliza utamu. Bali chakula kinachoipita divai kwa utamu huifanya ionekane chachu mdomoni.

Mashamba mashuhuri ya zabibu ya Tanzania yako Dodoma, kilomita 251 kwa barabara kutoka Babati. Hata hivyo, Babati ina utamu wake wa kusubiriwa, nao ni asali. Tukiitazama vema kazi ya nyuki, tutaona kuwa ni ile ile ya jua la Montilla: hulipunguza maji lile tone la ua hata likawa zito, kisha huziba sega kwa nta. Mrina asali mwenye haraka, akatae kungoja sega lizibwe, hupata asali ya majimaji inayochacha upesi.

Wadatoga, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa nchi hii pamoja na Wagorowa na Wairaqw, huchanganya asali na maji na mzizi maalumu, wakapata pombe iitwayo gisuda. Hicho si kinywaji cha kila siku. Ni cha wazee na cha ibada, nacho huhitajiwa kwa wingi katika bung'eda, yaani mazishi ya mtu mwenye heshima, ambapo ng'ombe pia huchinjwa. Basi nyama yenye mafuta hukutana na utamu wa asali, sawa na jibini na divai kule Hispania, na hapana aliyemfundisha mwenzake.

Lakini asali haipatikani pasipo maua, wala maua pasipo miti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Walitaka waachiwe kuulinda wenyewe, na kufikia mwaka 1995 vijiji vinane vilikuwa vimegawana mipaka, vikaweka sheria ndogo na walinzi wao. Msitu uliokuwa ukikatwa ovyo ukaanza kurudi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikathibitisha kuwa kijiji chaweza kumiliki msitu wake.

Mhispania huandika mwaka wa mavuno juu ya chupa yake, na kwa hiyo historia ya divai yake yasomeka. Kibuyu cha gisuda hakina maandishi. Wanafunzi wetu wa historia wangefanya vema kuwauliza wazee wa Babati habari zake, maadamu wazee hao wangali hai na miombo ingali ikitoa maua.