Kazi ya Waganga Katika Nchi ya Singida

Hospitali ya Makiungu yaipita Jimbo letu kwa umri. Jimbo la Singida liliundwa mwaka 1972, lakini masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary walikwisha kuanza kazi Makiungu mwaka 1954. Basi tunapofanya jubilei, na tukumbuke kwamba chumba cha wagonjwa kilitangulia kiti cha Askofu kwa miaka 18.

Hata ruhusa ya kazi ile haikuwa ya zamani sana. Hapo kwanza watawa wa kike walizuiwa kuwazalisha wanawake. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu. Na mwaka 1937 Mama Mary Martin, mzaliwa wa Ireland, alianzisha shirika lake huko Nigeria.

Waganga walikuwa wachache mno. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika walikuwa kama 12 tu, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Kwa hiyo siku zile daktari wa shamba mara nyingi alikuwa mgeni. Naye alipasua, alizalisha na kutibu watoto, yote kwa mikono yake miwili. Mwaka 1989 Wamisionari wa Damu Azizi walifungua hospitali ya Mtakatifu Gaspari huko Itigi, penye reli, na safari ya wagonjwa wengi ikafupika.

Lakini ukiwauliza waganga wa vijijini ni nini kiwasumbuacho, mara nyingi watakutajia kuchelewa kabla ya kutaja uhaba wa dawa. Mama mwenye uchungu huchelewa mara tatu: nyumbani, jamaa wakishauriana, njiani, mito ikijaa au gari likikosekana, na hospitalini penyewe, akingoja kuhudumiwa.

Tusiseme upesi kwamba jamaa ni wajinga. Mganga wa kienyeji yu karibu, asema lugha ya mgonjwa, tena humsikiliza. Mgonjwa aliyekaripiwa mlangoni mwetu hatarudi mapema safari ijayo.

Basi, ninyi walimu, fundisheni dalili za hatari; nanyi wanaparokia, wekeni akiba ya nauli kabla ya siku za kujifungua. Kuchelewa kwa nyumbani na kwa njiani twaweza kukupunguza pamoja. Kule kwa tatu ni deni letu sisi tunaoziita hospitali hizi zetu, nasi hatuna budi kulilipa.