Sumukuvu: jibu la herufi nane
Kwenye chemshabongo ya kujaza herufi, kidokezo "sumu ya ukungu wa manjano, herufi 8", jibu letu ni SUMUKUVU. Mzalishaji wake mkuu ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Flavus kwa Kilatini ni manjano, ingawa ukungu wenyewe huelekea kijani. Hupenda mahindi na karanga zisizokauka vizuri, na huku kwetu Matombo mvua za milimani huchelewesha kukausha. Msikilizaji, usijidanganye kwamba moto utaimaliza: kupika hakuiondoi, na punje yenye sumu yaweza kuonekana safi. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya; mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Tunashauri uanike kwenye turubai au kichanja, si udongoni. Punje zilizooza usimpe hata kuku.