Waumini kabla ya kuwa raia: historia ya makanisa ya Mishamo

Mishamo ni eneo la misitu ya miombo kaskazini mwa mji wa Mpanda, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,050. Serikali ya Tanzania ililitenga mwishoni mwa miaka ya 1970 liwe makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Leo limo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Wakati huo lilihesabiwa ndani ya Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Watu walioletwa hapo walikuwa wamepoteza kijiji, shamba na nchi. Walichokuja nacho ni ndugu waliosalimika na dini yao. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla ya wengi wao kuwa raia wa nchi waliyoishi, na muda wote huo kanisa lilikuwa jamii ambayo hakuna aliyehitaji kibali cha serikali ili ahesabiwe kuwa wake.

Ukristo wenyewe haukuwa mgeni katika wilaya hiyo. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walianzisha misheni mwaka 1885 katika ngome iliyojengwa na Wabelgiji. Mwaka 1889 alifika hapo Adriano Atiman, aliyetekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani na kukombolewa na mapadri huko Algeria, kisha akasomeshwa uganga Malta. Alikuwa katekista na tabibu kwa pamoja. Aliwatibu watu wa Karema na vijiji vya jirani hadi alipofariki mwaka 1956, na katika miaka hiyo yote hakuwa padri. Mfano wake unastahili kutajwa hapa, kwa kuwa kanisa la Mishamo nalo lilisimama kwa mikono ya walei.

Waliokuja Mishamo walikuwa na historia yao ya dini. Ukatoliki ulikita mizizi Burundi tangu 1898. Wapentekoste kutoka Sweden walifungua misheni Kiremba, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1935, na Waanglikana wakajenga Matana miaka hiyohiyo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulivuka mpaka upesi. Uamsho huo ulimtaka mtu atubu hadharani, na toba hiyo haikuwa ya maneno matupu: aliyeiba mbuzi alirudisha mbuzi, aliyemdhulumu mkewe alimwomba msamaha mbele ya wenzake.

Aprili 1972 yakaanza mauaji nchini Burundi. Baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, jeshi la serikali ya Michel Micombero liliwaua watu wasiopungua 100,000, na wengine hukadiria idadi kubwa zaidi. Waliosoma ndio waliosakwa kwanza: walimu, wanafunzi, makarani, na pia mapadri, wachungaji na makatekista wa Kihutu. Kanisa lililovuka mpaka kuingia Kigoma lilikuwa limekatwa kichwa. Ibada za mwanzo za uhamishoni ziliangukia mikononi mwa waliobaki hai, na wengi wao walikuwa wakulima wa kawaida.

Wakimbizi walipelekwa kwanza Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba karibu na Mpanda. Ulyankulu ikazidiwa, maji na ardhi havikutosha, na kuanzia 1978 maelfu ya watu wakahamishiwa Mishamo. Kazi hiyo iliongozwa na pande tatu: serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la TCRS, ambalo Shirikisho la Walutheri Duniani lililiunda mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa Tanganyika. Kila familia iligawiwa hekta 5 za msitu, majembe, mbegu, na chakula cha kuvushia hadi mavuno. Vijiji 16 vikapimwa kwa barabara zilizonyooka. Mwaka 1985 TCRS ilikabidhi makazi kwa serikali, na wakazi wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza mahindi, maharage na tumbaku.

Hata hivyo, kujilisha hakukuwa sawa na kuwa huru. Makazi yalikuwa na mkuu aliyewekwa na serikali, na aliyetaka kutoka, hata kwenda Mpanda mjini, alihitaji kibali. Katika hali hiyo uongozi wa kanisa ulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa mzee wa kanisa alichaguliwa na kuaminiwa na watu wanaomjua. Padri au mchungaji mmoja alikuwa na vigango au mitaa mingi iliyotawanyika msituni. Kati ya ziara zake, katekista au mwinjilisti ndiye aliyeongoza sala ya Jumapili, aliyefundisha wanaojiandaa kubatizwa, aliyezika. Hakuwa na mshahara wa kumtosha. Jumatatu alirudi kwenye jembe lake kama jirani zake.

Kwa Wakatoliki, wakati huo uliangukia mahali pazuri. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, walikuwa wameamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kanisa. Jumuiya ni nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kwa zamu, kusoma Injili, kutembelea wagonjwa na kuchangia msiba. Kijijini mwao Burundi, maiti ilizikwa na ukoo. Mishamo, ambako mtu angeweza kuwa na jirani asiyejua hata kilima alikotoka, msiba ulihitaji mikono mingine, na majirani wa imani ndio waliokuwa karibu. Ni vigumu kupata kipimo kizuri zaidi cha imani kuliko hicho.

Wapentekoste na wana uamsho walikuwa na jaribu jingine. Kwa Warundi, pombe ni lugha ya undugu: urwarwa wa ndizi huandamana na posa, ndoa, upatanisho na ugeni. Aliyeokoka aliikataa, na hivyo alilazimika kujenga undugu kwa njia nyingine, kwa chai, kwa nyimbo na kwa kulimiana mashamba. Ilikuwa gharama halisi, kwani kukataa mrija mbele ya baba mkwe si jambo dogo. Nyimbo zikawa fahari ya makazi yote matatu, na Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu inajulikana Tanzania nzima.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo mwaka 1985 na 1986, aliwakuta watu wakisimulia uhamisho wao kama jaribu linalolitakasa taifa na kuliandaa kurudi nyumbani. Masimulizi hayo yalibeba pia uchungu mkali dhidi ya Watutsi, walioshika jeshi na serikali ya Burundi. Chama cha siasa cha Wahutu, Palipehutu, kilizaliwa humohumo Mishamo mwaka 1980, chini ya Rémy Gahutu. Amri ya kumpenda adui ilisomwa, basi, na watu waliokuwa na makaburi wasiyoweza kuyatembelea, na haikuwa amri nyepesi. Anayeandika historia hii kwa haki hawezi kudai kwamba imani ilifuta chuki. Iliishi nayo kijiji kimoja.

Mtandao wa kanisa ulifika mbali kuliko kibali. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu vijana wa Kirundi jijini Dar es Salaam, alieleza jinsi vijana walivyotoka makazini kwa siri kwenda kushona nguo, wengi wakipokelewa na mafundi wa Kipentekoste. Mjini walificha asili yao, wakajiita Waha wa Kigoma. Walilala katika vibanda vya ushonaji, wakifuata nidhamu ya wakubwa wao kanisani.

Mwaka 2007 serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua. Takriban wanne kati ya watano, yaani asilimia 80, waliomba uraia. Waliobaki walitaka kurudi, na zaidi ya 50,000 walirejea Burundi kufikia mwisho wa 2009. Sharika zilipoteza waimbaji na wazee wao ndani ya miezi michache. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa, lakini mpango ulitaka wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Vyeti vya uraia vilikaa bila kutolewa, na watu wakaishi bila kujua kama nyumba zao, na za ibada pia, zingeachwa zisimame. Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa, bila sharti la kuhama.

Wakati huo muundo wa kanisa ulikuwa umesogea karibu. Jimbo Katoliki la Mpanda liliundwa mwaka 2000 kutoka Sumbawanga, na Dayosisi ya Anglikana ya Ziwa Rukwa ikafuata mwaka 2010. Kiserikali nako, Mishamo imegawanywa katika kata za kawaida, zikiwamo Mishamo, Ilangu, Bulamata na Ipwaga. Oktoba 2015 raia hao wapya walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa Tanzania kwa mara ya kwanza.