Aliyegawa mpaka akaisha

Leo kisa cha historia. Si mnamjua yule mtu asiyekaa na kitu? Ukimpa shati leo, kesho unaliona kwa mwenzake. Sisi tunamwita mkarimu, basi, yameisha. Ila huyu George Price amenifanya nifikirie upya.

Price alikuwa Mmarekani, mkemia, aliyezaliwa 1922. Mwaka 1967 alihamia London kwa pesa za bima, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kansa ya tezi ya shingo. Huko akasoma kazi ya W. D. Hamilton ya 1964: kiumbe hujitolea zaidi kwa ndugu zake kwa sababu wanachangia vinasaba. Yaani damu nzito kuliko maji, ila kwa hesabu. Price hakusomea jenetiki, lakini akatunga mlinganyo unaoonyesha jinsi tabia inavyoenea au kupungua kizazi hadi kizazi. University College London wakampa ofisi. Mlinganyo ulitoka 1970 kwenye jarida la Nature, na hadi leo wanabaiolojia wanautumia.

Mwaka huohuo jamaa akaokoka. Baadaye akaanza kugawa: pesa, nguo, vitu vya ndani. Walevi na wasio na makazi akawalaza kwake. Nyumba ilipomtoka akawa analala ofisini, kisha kwenye jengo lililovamiwa na watu wasio na makazi karibu na Euston. Ni kama alitaka kuonyesha kwa mwili wake kwamba mtu anaweza kumpa asiye ndugu bila kubakiza kitu. Hata dawa za tezi aliwahi kuziacha, na kuzikosa kunaweza kumletea mtu sonona. Januari 1975 alijiua, akiwa na miaka 52. Mazikoni walikuwepo Hamilton, John Maynard Smith aliyeandika naye makala maarufu ya 1973, na wachache kati ya wale aliowasaidia.

Mimi naona hivi: sadaka na ugonjwa kwa nje vinafanana. Tofauti ni kwamba mtoa sadaka anaweza kusimama. Mwingine hawezi, kila akibakiwa na kitu kinamchoma.

Sasa hapa hosteli, bumu likiingia wote tunapenda mwenzetu anayegawa. Lakini siku ukimwona anagawa godoro, simu na vitabu vyake, usiishie kushukuru. Kaa naye, muulize: na wewe umebakiwa na nini?

Haya, tuonane wiki ijayo.